Kuwaacha Mashahidi wa Yehova: maswali tunayoulizwa sana hapa Mwanza

Ninyi ni akina nani?

Tuko wachache. Wengine tulizaliwa "katika kweli", yaani katika dini hiyo, kama Mashahidi wenyewe wanavyosema, wengine waliingia ukubwani, na sasa wote hatumo. Jumapili jioni tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu huko Nyakato, tunakunywa chai, tunakula viazi, tunaongea. Hatuna jina wala kiongozi, na hatuchangishi fedha. Kati yetu wapo waliokuwa mapainia, yaani wahubiri wa muda mwingi, na mmoja alikuwa mzee wa kutaniko kwa miaka 14. Majibu haya nimeyaandika mimi, fundi cherehani, na wenzangu wameyapitia. Ukisoma "mimi", ujue ni mambo yangu binafsi. Ukisoma "sisi", ujue tumekubaliana.

Mnawachukia Mashahidi?

Hapana. Mama yangu ni Shahidi, na dada zangu wawili pia. Nilijua kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza kwa sababu mama alinikalisha kila jioni na kitabu cha picha cha hadithi za Biblia, kidole chake kikitembea chini ya maneno. Katika kutaniko nililokulia, mtu akiugua nyumba yake haikukosa mpishi. Hayo siwezi kuyafuta kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo majirani wengi hawalijui. Watu hawa wana kumbukumbu ya mateso, na si hadithi za kutunga. Malawi iliwapiga marufuku mwaka 1967. Ilipofika 1972 walipigwa na kuchomewa nyumba kwa kukataa kununua kadi ya chama, maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku ile iliondolewa 1993. Mtu aliyelelewa kwa simulizi hizo hawezi kuona imani yake kama nguo ya kuvaa na kuvua. Ukitaka kuongea na mzazi wako aliye Shahidi, anza kwa kuliheshimu hilo.

Kutengwa ni nini hasa?

Mtu aliyebatizwa akifanya kosa linalohesabiwa kuwa zito, mfano uasherati, ulevi, sigara au wizi, wazee hukaa naye. Wakiona hajatubu, siku ya mkutano husomwa sentensi moja tu, kwamba fulani si mmoja wa Mashahidi wa Yehova tena. Kosa halitajwi. Baada ya sentensi hiyo hakuna wa kukusalimu, wala wa kukaa nawe mezani. Utaratibu huu ulianza kutumika kwa mpangilio mwaka 1952.

Mimi nilitengwa mwaka 2018. Nilipata mimba nje ya ndoa. Wazee walioketi nami hawakunifokea, na mmoja alitokwa na machozi. Nilikusudia kurudi. Miezi ile ya kukaa kiti cha nyuma bila kusemeshwa ndiyo iliyonipa nafasi ya kujiuliza maswali ambayo sikuwahi kujiuliza, na sikurudi.

Agosti 2024 gazeti lao la Mnara wa Mlinzi lilitangaza mabadiliko. Neno lenyewe "kutengwa na ushirika" liliachwa, sasa wanasema mtu ameondolewa kutanikoni. Wazee wanaweza kukutana na mkosaji zaidi ya mara moja kabla ya kuamua, na baadaye wanatakiwa kumfuata mara kwa mara kuona kama anataka kurudi. Ndugu anaweza kumwalika mkutanoni, na akifika, kila mmoja anaweza kumsalimu kwa kifupi kwa kadiri dhamiri yake inavyomruhusu. Ila mazungumzo marefu, kutembeleana na kula pamoja bado hapana. Na ruhusa hiyo haimhusu anayeitwa mwasi-imani, yaani anayepinga mafundisho waziwazi.

Wengi hawajui pia kwamba kwa watu wa nyumba moja maisha yanaendelea. Mke wa aliyeondolewa bado ni mke wake, wanakula na kulala kama kawaida, kinachokatika ni ibada ya pamoja. Ukali unaangukia ndugu wa nyumba tofauti, ndiyo maana mtoto aliyehamia chumba chake cha kupanga anaumia kuliko mdogo wake aliyebaki nyumbani.

Je, niandike barua ya kujitoa, au nipoe tu taratibu?

Barua inakupa amani ya kusema neno lako, lakini ikishapokelewa unatangazwa kwa sentensi ileile. Anayepoa taratibu hatangazwi, na ndugu zake wanaweza kuendelea kuongea naye, ingawa kwa tahadhari. Hatumshauri mtu haraka haraka. Kama unaishi kwa wazazi na wao ndio wanaokulipia ada, usiandike kitu kwa hasira ya usiku mmoja. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kubadili dini au imani yako, na haki hiyo haichachi ukiingoja mwaka mzima.

Kwa nini mama yangu haitikii hata shikamoo?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wengi huanza kulia kabla hawajalimaliza.

Andiko lililotumika miaka yote ni 2 Yohana, mstari wa 10: mtu wa namna hiyo msimkaribishe nyumbani, "wala msimpe salamu". Pamoja nalo kuna 1 Wakorintho 5:11, la kutokula naye. Kwetu sisi salamu ni kitu kizito kuliko kwa walioandika makala zile New York. Mtoto wa Kisukuma anafundishwa kuamkia kabla ya kufundishwa kunawa. Shikamoo isiyoitikiwa ni kama umeambiwa hujazaliwa.

Mwaka 2019 nilimkuta mama Mwaloni, Kirumba, asubuhi, akinunua dagaa. Alikuwa na ndoo ya bluu. Nikasema, "Shikamoo mama." Akachota dagaa kiganjani, akawatazama kama wamekauka vizuri, akawarudisha kwenye gunia, akachota tena. Muuzaji akanitazama, akamtazama yeye, akasema, "Mama, mwanao anakuamkia." Mama akatoa noti ya elfu kumi, akabeba ndoo yake na kuondoka. Hakudai chenji. Mama yangu akipunjwa shilingi 50 hurudi dukani hata kama mvua inanyesha.

Nilikaa na chenji ile wiki nzima kichwani. Asiyekujali anadai chenji yake. Mama alikuwa anakimbia asije akaitikia. Amefundishwa kwamba kuninyima salamu ndiyo dawa itakayonirudisha, na kwamba akinihurumia sasa ataniua milele. Anachofanya anakifanya kwa upendo, na upendo huo unaumiza. Ukilielewa hili maumivu hayaishi, ila chuki haipati pa kukaa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: endelea kuamkia. Usisubiri jibu, usimsimamie njiani, usimuaibishe mbele za watu. Amkia, pita. Mwenzetu mmoja wa Sengerema alimwamkia baba yake kwa ujumbe wa simu kila Jumatatu kwa miaka minne bila jibu. Baba alipopata kiharusi, wauguzi walikuta namba ya kijana huyo ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya jumbe, na hakuna hata mmoja uliokuwa umefutwa.

Vipi kuhusu damu? Mimi bado naogopa.

Tutakaa hapa kidogo, kwa kuwa huku ziwani si swali la vitabuni. Malaria inamaliza damu ya watoto wadogo. Selimundu ipo Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Akina mama wanavuja damu baada ya kujifungua, visiwani, mbali na hospitali. Katika ukoo wowote mkubwa huku, kuna mtu aliyewahi kuongezewa damu.

Fundisho la kukataa damu halikuwapo tangu mwanzo wa dini. Lilitolewa 1945, na mwaka 1961 kupokea damu kukawa kosa la kutengwa. Msingi wake ni Matendo 15:29, la kujiepusha na damu. Yanayokataliwa ni damu nzima na sehemu zake nne kuu: chembe nyekundu, chembe nyeupe, vigandisha damu na plazima. Vitu vidogo vinavyotolewa ndani ya sehemu hizo, kama albumini na kingamwili za sindano, ni uamuzi wa dhamiri ya mtu. Tangu mwaka 2000, anayepokea damu kwa hiari bila kujuta anahesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe.

Ni vyema kujua pia kwamba misimamo ya tiba imewahi kubadilika. Chanjo zilipingwa tangu 1931 hadi 1952. Kupandikizwa kiungo cha mtu mwingine kulikataliwa 1967, na 1980 kukaachwa kwa dhamiri ya kila mmoja. Hatuyasemi haya kumcheka mtu. Tunayasema kwa sababu mama aliye wodini na mtoto mwenye damu ya kiwango cha chini ana haki ya kujua kwamba mlango aliodhani umejengwa kwa zege uliwahi kuhamishwa.

Kama umeshatoka, au huna hakika tena, tafuta kadi yako ya kukataa damu. Wengi wanaisahau ndani ya pochi kwa miaka. Ukiokotwa umepoteza fahamu, kadi ile ndiyo itakayokusemea. Mimi niliikuta yangu ndani ya Biblia ya zamani, sahihi yangu ya miaka 16 ikiwa na mkia mrefu. Niliichana vipande vidogo, na mikono ilitetemeka. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini msimamo wako wa sasa, na mwambie daktari wako ukiwa mzima.

Kwa watoto: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18 na inamwekea mzazi wajibu wa kumpatia matibabu. Kama ninyi wawili mmetofautiana imani, msiache mazungumzo hayo mpaka siku ya homa.

1914, 1925, 1975: ni kweli walitabiri mwisho wa dunia?

Kwa kifupi. Charles Taze Russell alianza gazeti lake Pennsylvania, Marekani, mwaka 1879, na wafuasi wake waliutazamia mwaka 1914 kuwa mwisho wa tawala za dunia. Vita Kuu ilipoanza mwaka huo, 1914 ukabaki, ila maana yake ikabadilika: Kristo alianza kutawala mbinguni bila kuonekana. Joseph Rutherford, aliyemfuata, ndiye aliyetangaza kwamba 1925 Abrahamu na manabii wangefufuka duniani, na ndiye pia aliyewapa watu wake jina la Mashahidi wa Yehova, 1931. Kisha makala za miaka ya 1960 zilihesabu miaka 6,000 tangu Adamu, zikafika 1975. Haikusemwa waziwazi kwamba mwisho ungekuja mwaka huo, lakini watu walielewa hivyo, wengine waliuza nyumba.

Kwa miaka mingi pia ilifundishwa kwamba kizazi kilichoona 1914 hakitapita kabla ya mwisho kuja. Fundisho hilo lilibadilishwa 1995, na mwaka 2010 likaja la vizazi viwili vinavyopishana. Marehemu babu yangu alibatizwa akiamini hatakufa. Hatulirudii hilo kwa furaha.

Ngurumo zikipiga usiku bado nadhani ni Har-Magedoni. Nina kichaa?

Huna kichaa. Karibu wote tumelipitia. Anayekaa kando ya ziwa anajua radi za huku: usiku wa Machi anga lote linawaka upande wa Ukerewe, mabati yanatetemeka, mawe ya mlimani yanarudisha sauti. Mtoto aliyeonyeshwa picha za majengo yakianguka juu ya watu wasiomtii Yehova anazibeba picha hizo mwilini hata akili ikishaziacha. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa naamka, namshika mtoto, nahesabu kati ya mwanga na mlio.

Kilichotusaidia ni kusema kwa sauti, tena mbele ya mtu. Mwenzetu aliyekuwa mzee wa kutaniko alikaa miaka mitatu akidhani yeye peke yake ndiye anayeogopa. Alipolitamka, watu wanne chumbani waliinua mikono. Kama hofu inakunyima usingizi kwa wiki nyingi, au unaanza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali, omba kuonana na wa afya ya akili. Mwambie wazi kwamba umetoka kwenye dini na ndugu hawaongei nawe. Hatakujua usipomwambia.

Wateja na marafiki wangu wote walikuwa kutanikoni. Nitaishije?

Nililijua hili kwa cherehani yangu. Magauni na sketi za mikutano ndiyo yalikuwa mkate wangu, na kabla ya kusanyiko nilikuwa nalala saa nane usiku. Baada ya tangazo, dada watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, mmoja akaacha fedha yote mezani ingawa sikuwa nimeweka hata uzi. Miezi mitano nilishona mito na kupunguza suruali za mitumba.

Jambo la kwanza, kabla hata ya kutafuta wateja, ingia kikundi cha kuzikana cha mtaani kwako. Wakati tukiwa ndani, kutaniko ndilo lililotuzikia, kwa hiyo wengi hatukuwahi kujiunga na cha mtaa. Ukitoka unajikuta huna pa kuegemea siku ya msiba. Nenda kwa mjumbe, uliza, toa kiingilio, hudhuria misiba ya wenzako, kamata mwiko. Nilipata marafiki zaidi kwenye masufuria ya misiba kuliko mahali pengine popote. Kikoba kitafuata, na wateja watafuata kikoba.

Je, ni kosa kusherehekea siku ya kuzaliwa, au kuimba wimbo wa Taifa?

Mashahidi hawafanyi yote mawili. Kwetu si kosa, na si lazima. Wapo kati yetu ambao hadi leo hawali keki ya kuzaliwa, na hatuwasumbui. Mimi nilipotimiza miaka 27 jirani aliniletea keki ndogo yenye mshumaa mmoja. Nilishindwa kuupuliza. Mwanangu aliupuliza, akaomba uwashwe tena, akaupuliza mara nne.

Kuhusu wimbo wa Taifa, tunawatetea. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwa kutouimba. Uhuru uliowalinda wao kukaa kimya ndio unaotulinda sisi kuondoka.

Sikusoma kwa sababu nilihimizwa kuwa painia. Nimechelewa?

Hujachelewa. Miongo mingi elimu ya juu ilikatazwa kwa maneno ya upole, na mwaka 2025 Baraza Linaloongoza, yaani viongozi wao wakuu wa dunia nzima, likasema ni uamuzi wa mtu binafsi. Tunajua inauma kusikia hivyo ukiwa na miaka 45. Lia, kisha nenda VETA ukaulize kozi na ada, au Chuo Kikuu Huria kama una vyeti. Mmoja wetu amemaliza ufundi umeme akiwa na miaka 41.

Nilidhulumiwa nikiwa mtoto, na ikamalizwa ndani na wazee. Nifanye nini?

Nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto aliye hatarini sasa hivi piga 116. Usiulize ruhusa ya mtu yeyote. Kanuni ya kudai watu wawili walioshuhudia kosa ni ya kutaniko, haipo kwenye sheria ya nchi. Nchini Australia, tume ya kifalme iliyochunguza dhuluma za kingono dhidi ya watoto mwaka 2015 ilikuta kumbukumbu za watuhumiwa 1,006 tangu 1950, na hakuna hata mmoja ambaye kutaniko lilikuwa limempeleka polisi. Wewe ulikuwa mtoto. Hukuwa na kosa, na huna deni la kunyamaza.

Niende kanisa gani sasa?

Hatuelekezi mtu. Kati yetu yupo Mkatoliki, yupo aliyesilimu, wawili hawaendi popote. Ila usikimbilie mahali pengine panapokudai utii uleule kwa sababu tu umezoea kuamriwa.

Mzazi wangu akifariki nitaruhusiwa kuzika?

Utaruhusiwa kuwapo. Hakuna anayemfukuza mtoto kaburini. Kinachowezekana ni kwamba mazishi yataongozwa na kutaniko, kwa hotuba na sala, bila matanga marefu, na ndugu wa ukoo wasio Mashahidi watanung'unika. Ongea na mjomba au baba mkubwa mapema, mzazi akiwa hai, mkubaliane kwamba hakutakuwa na ugomvi juu ya jeneza. Mzazi alichagua imani yake. Mzikeni nayo.

Na wewe, mama yako anakuitikia?

Mwanangu nimemzaa nje, lakini hakutengwa yeye. Kila Jumamosi anakwenda kwa bibi yake, na tangu ajue kuongea ndiye aliyekuwa akibeba habari kati yetu bila kujua: bibi anaumwa goti, bibi amepata bati jipya.

Aprili 2025 alikuja na karatasi ya mwaliko wa Ukumbusho wa kifo cha Yesu, mkate na divai vinavyopitishwa mara moja kwa mwaka. Sikuwa nimeingia Jumba la Ufalme, jengo lao la mikutano, tangu nilipoacha kukaa kiti cha nyuma. Nilikwenda kwa sababu mtoto alitaka kukaa katikati yetu. Waliokuwa humo hawakula, ndivyo ilivyo, wanaokula ni wachache wanaojihesabu kuwa na tumaini la mbinguni. Sahani inapita tu, mkono kwa mkono. Mama aliishika, akampa mjukuu wake, mjukuu akanipa mimi, sahani bado ina joto la viganja vyao.

Mlangoni, watu wakitoka, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akainama, akashika gauni la mtoto. "Pindo limefumuka hapa."

Nililishona usiku uleule.